Nimeipanua C bila kupiga windo: mimi na GParted, hapa Mbeya

Mwaka juzi fundi mmoja alinipigia windo, yaani aliifuta kompyuta akaweka Windows upya, na harusi mbili zikaenda nayo.

Nina studio ndogo ya picha na video hapa Soweto, Mbeya. Kazi zangu ni zile mnazozijua: sendofu, harusi, kipaimara, mahafali, na msiba mmoja mmoja familia ikitaka kumbukumbu. Kompyuta ilikuwa imejaa C, ile sehemu ya diski inayobeba Windows, inakwama kila nikifungua programu ya kuhariri video. Nikaipeleka kwa fundi nikamwambia wazi, "Kaka, kazi za watu ziko D, D usiiguse." Akajibu, "Usijali dada'ngu, D haiguswi." Jioni nikaikuta inang'aa kama imetoka kiwandani, C moja kubwa, D hakuna. Alipofika kwenye hatua ya kuchagua pa kuiweka Windows alifuta patisheni zote, yaani vile vipande vya diski kama C na D, akatengeneza moja, tena kwa nia njema kabisa, ili "nafasi isikusumbue tena". Nikamlipa shilingi 15,000 zake kabla sijafungua mafaili. Wiki iliyofuata nilipanda Kosta kwenda Tukuyu na kilo tano za sukari na kitenge, kumweleza mama mmoja kwamba video ya sendofu ya binti yake haipo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakaa kimya, halafu akasema "ndaga", asante ya Kinyakyusa, kwa ajili ya ile sukari. Mpaka leo naisikia hiyo ndaga.

Kwa hiyo C ilipojaa tena, mwezi wa saba mwaka jana, sikwenda kwa fundi. Nilikaa chini nikajifunza, na haya ndiyo maoni yangu kuhusu GParted, programu niliyoitumia, pamoja na wenzake wawili watatu nilioishia kuwahitaji.

Laptopu yenyewe si ile aliyoigusa fundi; ni HP ya mtumba, diski ya TB 1 ambayo Windows inaisoma GB 931. Aliyekuwa nayo kabla yangu alikata C ya GB 100 hivi, akaacha zilizobaki zote D. Kwa mtu wa kuandika barua GB 100 zinatosha. Kwa mtu wa video ni mzaha, maana programu ya kuhariri inajaza mafaili yake ya muda huko C hata kama wewe kazi zako unaziweka D. Nilibaki na GB 3 C, huku D ina GB 400 tupu zinanitazama.

Nilianza na kile chombo cha Windows yenyewe, Disk Management, kwa sababu kipo tayari. Nikabonyeza D, nikachagua Shrink Volume, ikakubali kupunguza GB 250. Nikafurahi. Nikaenda kwenye C nichague Extend Volume, neno limekuwa kijivu, halibonyezeki. Nusu saa nzima nikidhani kompyuta imeharibika.

Haijaharibika. Chukulieni viwanja vinavyofuatana kando ya barabara ya Uyole. Cha kwanza ni C. Kinachofuata ni kijisehemu kidogo cha choo, ndiyo ile patisheni ya Recovery yenye MB mia tano hivi ambayo Windows hujiwekea. Kisha ndiyo D na shamba lake kubwa. Ukiipunguza D kwa Disk Management, inakatwa kule mwisho kabisa, nyuma ya shamba. C haiwezi kuruka choo na shamba la jirani ikajichukulia kipande cha kule nyuma. Windows inairuhusu kupanuka kwenda kwenye nafasi inayopakana nayo upande wa kulia tu. Dawa ni kuisogeza D yote kulia, kusogeza na choo, ndipo nafasi itokee ubavuni mwa C. Na kusogeza ndicho kitu ambacho Disk Management haifanyi kabisa.

GParted inafanya. Ni programu ya bure, ya watu wa Linux, ule mfumo mwingine wa kompyuta badala ya Windows, ipo tangu mwaka 2004. Huhitaji kuwa na Linux: unapakua toleo linaloitwa GParted Live, halifiki hata GB 1, unaliandika kwenye flashi kwa programu ndogo iitwayo Rufus, halafu unaiwasha kompyuta kutokea kwenye flashi. Kwenye HP yangu ni Esc kisha F9. Windows inabaki imelala kabisa, na ndiyo maana diski inaweza kufanyiwa upasuaji. Huwezi kuhamisha nyumba watu wakiwa ndani wanapika. Flashi niliinunua shilingi 10,000 pale Mwanjelwa. Jihadharini, Rufus inaifuta flashi yote kabla ya kuandika, msichukue yenye nyimbo za kwaya.

Mara ya kwanza ilinikatalia. Inapowaka inauliza maswali ya kibodi na lugha, mimi nikawa nabonyeza Enter tu, ikafunguka dirisha lenye mstari mrefu wa patisheni, iliyotumika rangi ya manjano, tupu nyeupe. Lakini kwenye D palikuwa na pembetatu ya onyo, na kila nikitaka kuipunguza haitaki. Sababu ilikuwa ya kijinga na nyote mnayo kwenye kompyuta zenu: ukiizima Windows ya siku hizi kwa kawaida, haifi. Inajihifadhi nusu usingizi ili kesho iwake haraka, na inaziacha patisheni zake kama mtu aliyetoka nyumbani bila kufunga mlango. GParted ikiona mlango uko wazi haiingii, na iko sahihi. Nikarudi Windows, nikafungua ile dirisha nyeusi ya amri kama msimamizi, nikaandika powercfg /h off, kisha chkdsk D: /f ili ikague makosa, nikazima upya. Pembetatu ikaondoka.

Nikiwa humo humo niliandika pia reagentc /disable, ili ule mfumo wa kujiokoa wa Windows ujiondoe kwenye patisheni yake kabla sijaisogeza. Baada ya kazi unaandika reagentc /enable. Ukiruka hatua hii Windows itawaka vizuri tu, ila siku ukiuhitaji huo uokozi unaweza kukuta haujui tena unakaa wapi.

Kabla sijabonyeza chochote nilinakili GB 420 zote za D kwenye diski ya nje ya shemeji. Dogo ninayefanya naye kazi akaniuliza, na swali lake lilikuwa la maana: "Sasa dada, kama umeshanakili vyote, si ungefomati tu ukarudisha?" Hapana. Nikifomati lazima niweke Windows upya, programu zote upya, leseni, fonti za kadi nilizokusanya miaka sita, na mipangilio ya rangi ya kila kamera. Hiyo ni wiki nzima ya kazi. Kusogeza patisheni kunakuacha ulipokuwa. Nakala ni kwa ajili ya umeme, kwa sababu wakati D inasogezwa data iko njiani, nusu iko kiwanja cha zamani na nusu kipya, na umeme ukikatika katikati hakuna programu duniani itakayokuhakikishia kitu.

Na umeme wetu mnaujua. Betri ya laptopu yangu haifiki saa mbili. Nikachukua inveta na betri ya N70 tunayokwenda nayo kupiga shughuli za vijijini, nikachomeka laptopu humo, inveta nayo nikaiacha inachajiwa ukutani.

Saa tatu usiku nikaanza. Kwenye GParted hakuna C wala D. Kuna sda1, sda2, sda3, na usipokuwa makini utapasua mgonjwa siye. Mimi nilizitambua kwa ukubwa na kwa majina niliyozipa mapema ndani ya Windows: C niliiita MFUMO, D nikaiita HARUSI. Ile GB 250 niliyoikata mwanzo ilikuwa bado iko nyuma ya D haina kazi, kwa hiyo nilichotakiwa ni kuisukuma D kulia mpaka mwisho, kuisukuma Recovery kulia iiguse D, kisha kuivuta C ijaze nafasi. Unaburuta kwa mausi, unaona kwenye mstari. Kitu kizuri kuliko vyote katika programu hii ni kwamba hakuna kinachofanyika unapoburuta. Inapanga foleni chini ya dirisha: kwanza hiki, pili hiki, tatu hiki. Unaweza kutengua, ukaenda kunywa chai, ukarudi ukasoma tena foleni. Kazi inaanza ukibonyeza Apply tu. Nilitengua mara mbili. Mara ya tatu nikabonyeza, moyo unadunda kama nimepanda bodaboda ya mlevi.

Kisha ukaja usiku mrefu. Kuisogeza patisheni maana yake ni kuisoma yote na kuiandika yote upya kwenye diski ile ile, na diski yangu ni ya kuzunguka, si SSD, zile za kasi zisizozunguka. Zile GB 581 zilichukua saa sita na nusu. Nililala studio, blanketi mbili, baridi ya Mbeya ya mwezi wa saba, kila nikishtuka natazama asilimia. Saa saba umeme ukakatika. Inveta ikapiga kelele moja, ikaendelea. Dakika hamsini zile nilisali Rozari nzima, na mimi si mtu wa Rozari sana. Saa tisa na nusu D ikawa imefika. Recovery ilichukua dakika chache. C kupanuka hata dakika moja haikufika, kwa sababu kupanua kwenda kulia hakuhamishi kitu, kunabadilisha mipaka tu. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini fundi hapendi kazi hii. Windo linakwisha kwa saa moja, na mteja wa pili yuko mlangoni.

Asubuhi nikaiwasha. Windows ikaanza kukagua diski yenyewe kabla ya kufunguka. Msiikatize, ni kawaida baada ya kubadilisha ukubwa wa patisheni ya NTFS, ule mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Windows. Ikafunguka. C ina GB 350. D ina vitu vyote. Nilifungua video moja moja, nikazitazama za kila mwaka, mpaka dogo akaanza kunicheka.

Hapo ningesema nyota tano tukaachana. Lakini mwezi uliofuata nilikutana na kazi ambayo GParted haiiwezi, na ni vizuri mjue mpaka wake.

Kompyuta ya mezani ina diski ya TB 4 ya kuhifadhia kazi za zamani. Miaka yote niliamini ni TB 2, kwa sababu ndiyo Windows ilikuwa ikinionyesha: patisheni moja ya GB 2,048, na pembeni GB 1,678 hivi zenye mstari mweusi ambazo hazikubali kuguswa. Nilidhani nimeuziwa feki. Kumbe diski iliwekwa kwa mpango wa zamani wa kuorodhesha patisheni, MBR, ambao unahesabu sekta, vile vipande vidogo kabisa vya diski, kwa namba ya biti 32. Kwa sekta za baiti 512, hesabu inaishia TB 2, basi; kilicho mbele ya hapo ni kama hakipo. Mpango mpya, GPT, hauna kikomo hicho. Ila Disk Management inabadilisha MBR kuwa GPT diski ikiwa tupu tu, na yangu ilikuwa na miaka minne ya ndoa za watu.

Ndani ya GParted kuna menyu inayoitwa Create Partition Table, na ukiisoma haraka unaweza kudhani ndiyo dawa. Siyo! Inafuta kila kitu. Inakuonya, lakini mikono yetu imezoea kubonyeza OK. Kwangu hiki ndicho kipengele cha hatari kuliko vyote kwenye programu nzima, na ningefurahi kama wangekificha chini ya ngazi tatu.

Kilichonisaidia kilikuwa kwenye flashi ile ile, programu ndogo ya maandishi matupu, gdisk. Unafungua terminali, dirisha la kuandikia amri, unaandika lsblk kuhakikisha diski ni ipi, kisha sudo gdisk na jina la diski. Ikikuta MBR inajibadilishia kuwa GPT kwenye kumbukumbu tu, diski bado haijaguswa. Unabonyeza p uone patisheni zako zipo na ukubwa ni ule ule. Ukiridhika, w, kisha Y. Ukiogopa, q, unatoka na hakuna kilichotokea. Sekunde tatu. Baada ya usiku mzima wa ile D, nilikaa nikiitazama skrini nikingoja kinachofuata. Hakuna kilichofuata. Nikarudi Windows, Extend Volume safari hii ikawa inabonyezeka, TB 4 zangu zikakamilika. Hii ni kwa diski ya data peke yake. Ukiifanyia diski yenye Windows iliyozoea kuwaka kwa mtindo wa zamani, haitawaka.

Kwa diski yenye Windows kuna chombo cha Microsoft wenyewe, mbr2gpt, kipo ndani ya Windows 10 tangu toleo la 1703 la mwaka 2017. Nilikitumia kwenye kompyuta ya mapokezi, maana Windows 10 iliachwa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 inataka UEFI, mtindo mpya wa kuwasha kompyuta. Unaanza na mbr2gpt /validate /allowFullOS, ambayo inapima tu. Ikisema sawa, unabadilisha validate kuwa convert. Inakataa kama una patisheni za msingi zaidi ya tatu, kwa sababu inahitaji nafasi ya kuongeza ya kwake. Baada ya hapo lazima uingie kwenye mipangilio ya BIOS, ile ya kompyuta kabla Windows haijawaka, ubadilishe kutoka Legacy, yaani mtindo wa zamani, kwenda UEFI. Mimi nilisahau, skrini ikabaki nyeusi, nikapoteza dakika kumi za uhai wangu.

Na kwa wenzangu wa studio: mteja akileta flashi na video ikikataa kuingia wakati nafasi ipo, flashi ni FAT32, mpangilio wa mafaili wa zamani, haipokei faili moja linalofika GB 4. Kuna amri ya convert E: /fs:ntfs inayobadilisha bila kufuta kilichomo. Inakwenda njia moja tu, hairudi, na televisheni nyingi za zamani hazisomi NTFS. Muulizeni kwanza ana TV gani. Bwana harusi mmoja wa Kyela alinirudishia flashi kwa hasira kwa ajili ya hilo, na alikuwa na haki.

Kuna mambo mengine ambayo GParted haiyafanyi kwa wepesi. Diski yenye kufuli la BitLocker itakataa kupunguzwa, mpaka uliondoe kabisa kufuli hilo ndani ya Windows, na laptopu nyingi mpya zinakuja na hilo kufuli bila mwenyewe kujua. Diski inayogonga au yenye sekta mbovu msiiguse kabisa. Jamaa mmoja wa Mbalizi aliniletea ya hivyo, nikamwambia nakili unachoweza leo hii, mambo ya ukubwa baadaye. Maandishi ya GParted yanadhani unajua Linux. Na haikwambii mapema kazi itachukua saa ngapi, inakadiria ikishaanza, wakati huo huna pa kurudi.

Zipo programu nyingine zinazofanya kazi hiyo hiyo ndani ya Windows, zenye picha nzuri na toleo la bure lenye mipaka na la kulipia. Sizisemi vibaya. Mimi nimezoea hii, na inanipa foleni ninayoweza kuisoma kabla.

Nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa ajili ya ile Create Partition Table.

Yule mama wa Tukuyu aliniita tena mwezi wa kumi, binti wa pili anaolewa. Nilienda. Video iko D, iko kwenye diski ya TB 4, na nakala ya tatu anayo mwenyewe kwenye flashi ya FAT32, video nikiwa nimeikata vipande vipande vya GB 3, ili TV yake ya kizamani isome. Flashi ya GParted ilikuwa inaning'inia kwenye msumari pamoja na funguo za studio, mpaka juzi jirani wa duka la vifaa vya umeme alipoikopa. Ameahidi kuirudisha Jumatatu.